Maisha ya Manute Bol

Hapa Custom, na Juba nzima, hakuna kijana apendaye mpira wa kikapu asiyelijua jina la Manute Bol. Walakini ukimwuliza alikuwa mtu wa namna gani, mara nyingi atakujibu neno moja tu, ya kuwa alikuwa mrefu mno. Jibu hilo ni la kweli, ila ni sehemu ndogo ya habari. Urefu alizaliwa nao, hakuutolea jasho. Nimeona vema kuwaeleza ninyi wanafunzi wenzangu, pamoja na ndugu zetu waliokwisha maliza masomo hapa, maisha ya mtu huyu tangu mwanzo hata mwisho, na hasa mambo mawili aliyoyatolea jasho. La kwanza ni kujifunza kutupa mpira kikapuni kutoka mbali, kazi ambayo watu walidhani haimfai mtu wa umbo lake. La pili ni kuitumikia nchi yake kwa mali yake yote.

Manute alizaliwa katika nchi ya Wadinka, sehemu za Turalei na Gogrial, ambazo leo zimo katika jimbo la Warrap. Tarehe iliyoandikwa vitabuni ni 16 Oktoba 1962, ingawa zamani zile kuzaliwa kwa mtoto kijijini hakukuandikwa popote, na umri wake ulibishaniwa siku zote. Baba yake, Madut Bol, alikuwa mzee mwenye heshima kwa watu wake. Mama yake, Okwok, alikuwa amekwisha poteza watoto kabla yake, kwa hiyo huyu alipozaliwa mzima akaitwa Manute, jina ambalo maana yake ni baraka ya pekee. Ukoo wao ulikuwa wa watu warefu. Manute alikuwa akisimulia kwamba baba yake na mama yake wote wawili walipita mita 2, na kwamba baba wa babu yake alimzidi hata yeye.

Kazi yake ya utotoni ilikuwa ile ya watoto wote wa Kidinka, yaani kuchunga ng'ombe. Alishinda na makundi malishoni, mkuki mkononi, akajifunza kuvumilia jua, njaa na safari ndefu za miguu. Mwenyewe alikuwa akieleza kwamba wakati mmoja aliua simba kwa mkuki wake. Alipoanza michezo, alianza na kandanda, kama sisi wengi. Lakini kila mwaka ulipopita alizidi kurefuka, hata miguu yake ikawa haifuati tena mpira ulio chini, akauacha mchezo ule.

Alipokuwa kijana wa miaka kumi na kitu, jamaa zake wakamshauri ajaribu mpira wa kikapu. Akaanza Wau, kisha akaenda Khartoum, akachezea timu za huko kwa miaka kadhaa. Mwanzo wake haukuwa wa kujivunia. Mara ya kwanza alipojaribu kuruka na kuuchopeka mpira kikapuni kwa mkono, aligonga ringi ya chuma kwa kinywa chake, meno yakavunjika. Mwingine angalirudi kwa ng'ombe wake siku ile ile. Kadhalika huko Khartoum alikutana na dharau nyingi, maana watu wa kusini hawakuhesabiwa kuwa kitu mbele ya wengi wa kaskazini. Manute hakurudi nyuma. Aliendelea kucheza, hata akaingia katika timu ya taifa ya Sudan.

Mwaka 1982 alifika Sudan mwalimu mmoja wa Marekani, Don Feeley, kuja kufundisha wachezaji wa nchi ile. Alipomwona Manute alishangaa, akamshauri aende Marekani. Mwaka 1983 timu ya San Diego Clippers ikamchagua bila hata kumjua sawasawa, lakini wakuu wa ligi ya NBA wakakataa, wakisema hakufuata masharti. Katika hati yake ya kusafiria palikuwa na jambo la kuchekesha. Urefu wake uliandikwa futi 5 na inchi 2, kana kwamba ni mtu mfupi kuliko wengi wetu. Yeye alieleza kwamba alipimwa akiwa ameketi!

Urefu wake wa kweli ulikuwa futi 7 na inchi 7, yaani mita 2.31. Alipoinua mkono akiwa amesimama, vidole vyake vilifika mita 3.18, na ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka chini. Kwa hiyo aliweza kuweka mpira kikapuni pasipo kuruka.

Lakini huko Marekani hakuwa na Kiingereza, wala hakuwa na ndugu. Ikambidi kwanza akae Cleveland kujifunza lugha. Mwaka 1984 akaingia Chuo Kikuu cha Bridgeport, katika jimbo la Connecticut, akakichezea chuo hicho msimu mmoja. Kwa wastani alipata pointi 22.5 katika kila mchezo, na kuzuia mitupo 7 ya wapinzani. Ukumbi wa chuo uliokuwa na nafasi tele ukawa unajaa watu. Mwaka 1985 timu ya Washington Bullets ikamchagua, na hapo akaanza kucheza katika ligi ya NBA.

Wasomaji wasidhani kwamba urefu ule ulimtosha. Alipofika Marekani uzito wake haukufika kilo 90, naye alikuwa mwembamba kama tete. Timu ikampeleka kwa mwalimu wa mazoezi ya nguvu katika Chuo Kikuu cha Maryland, ikaonekana kwamba kuinua chuma cha kilo 20 hivi mara kumi kulikuwa kazi kwake. Wachezaji wenye vifua vipana walimsukuma kama mlango usio na komeo. Ikambidi ale kwa bidii na ainue chuma kila siku, ili apate kusimama mahali pake.

Hata hivyo mwaka wake wa kwanza uliwashangaza watu wote. Katika msimu wa 1985–86 alizuia mitupo 397 katika michezo 80, karibu mitano kila mchezo. Hakuna mchezaji mgeni katika ligi ile aliyefikia hesabu hiyo kabla yake wala baada yake, na katika wachezaji wote ni Mark Eaton peke yake, wa timu ya Utah, aliyewahi kuzuia mingi zaidi katika msimu mmoja. Mara mbili Manute alizuia mitupo 15 katika mchezo mmoja. Mwaka 1987 timu yake ikamleta Muggsy Bogues, mwenye urefu wa mita 1.60. Picha yao wakiwa wamesimama pamoja, aliye mrefu kuliko wote na aliye mfupi kuliko wote, ilisambaa duniani kote.

Sasa nafika penye kiini cha habari yangu. Kuzuia mitupo ya wengine kunasaidiwa sana na urefu. Kutupa mwenyewe ni kazi ya mkono, jicho na moyo mtulivu, na hapo urefu hausaidii neno. Pengine hata huzuia, maana mikono mirefu ni migumu kuiongoza kama mti mrefu wa kuangulia maembe. Manute alilijua jambo hilo vizuri. Katika ile mitupo ya adhabu, ambayo mtu husimama peke yake mbele ya kikapu bila kuzuiwa na yeyote, maisha yake yote aliingiza kama 56 tu katika kila 100. Kwa hiyo walimu wake wa kwanza hawakumtaka atupe. Walimtaka asimame chini ya kikapu chake, azuie, basi.

Mwaka 1988 Manute alihamia timu ya Golden State Warriors, huko California, iliyokuwa ikiongozwa na mwalimu Don Nelson. Nelson alikuwa mtu wa mashauri mapya. Alimruhusu Manute kutupa kutoka nje ya ule mstari wa pointi tatu, tena akamhimiza. Hekima yake ilikuwa hii: mpinzani aliye mrefu hukaa karibu na kikapu chake kukilinda, lakini Manute akitoka nje na kuweza kufunga kutoka huko, mpinzani yule hana budi kumfuata, na njia ya kikapuni inabaki wazi kwa wengine. Katika ligi ile mstari huo uko mita 7.24 kutoka kikapuni, na kwenye pembe ni mita 6.7.

Basi mtu yule wa mita 2.31 akaanza kutupa kutoka mbali. Namna yake ya kutupa haikufanana na ya mtu mwingine. Aliupeleka mpira juu na nyuma ya kichwa, halafu akaurusha mbele, kama mchezaji wa kandanda arushavyo mpira uliotoka nje ya mstari. Watazamaji walicheka mwanzoni. Baadaye wakazoea kupiga kelele kumtaka atupe kila alipoushika mpira mbali na kikapu. Katika msimu wa 1988–89 alitupa mara 91 kutoka mbali, ikaingia 20. Kwa mtupaji hodari hesabu hiyo ni ndogo. Kwa mtu aliyeambiwa miaka mitatu asitupe kabisa, ni kubwa. Tena msimu huo huo aliongoza ligi nzima kwa kuzuia mitupo, akizuia 345. Kwa maneno mengine, kazi mpya haikumfanya aiache kazi yake ya zamani.

Hapa nataka kusimama kidogo, niseme juu ya mazoezi yetu wenyewe. Sisi wachezaji wa shule tuna desturi moja inayotuharibia. Tukifika uwanjani saa kumi alasiri, jambo la kwanza ni kukimbilia mstari wa mbali na kutupa kwa nguvu, kila mtu mpira wake, mwili ukiwa bado haujaamka. Tukikosa mara kumi tunasema leo si siku yetu. Kumbe siku haina kosa. Mkono ulianza kazi kabla ya kuamshwa, na kwa kuwa hauna nguvu ya kufikisha mpira mbali, unajitafutia njia za kombo. Kiwiko kinatoka nje, bega linasukuma, mpira unakwenda bapa kama jiwe lililorushwa kwa kombeo. Mtu akirudia hivyo mara mia, anajifunza kukosa.

Wengine husema kwamba jua la Juba limekwisha tupasha, na kwamba kupasha mwili moto ni kazi ya watu wa nchi za baridi. Maneno hayo si sahihi. Jua hupasha ngozi. Halipashi kifundo cha mguu, wala goti, wala bega. Viungo hivyo hupata moto kwa kutumika. Damu ikienda kwa wingi katika misuli, misuli hulainika, na yale maji maji yaliyo ndani ya viungo huenea yakapunguza msuguano, kama mafuta katika ekseli ya baiskeli. Kuhusu jua, sisi tuna sababu ya kuliogopa zaidi, maana mwezi Machi 2024 shule zote za nchi yetu zilifungwa kwa ajili ya joto kali. Kwa hiyo katika miezi ya ukavu ni vema kuanza asubuhi mapema au jua likiisha kupungua, na kunywa maji kabla kiu haijaja.

Taratibu iliyo njema ni hii. Kwanza, dakika tano za kukimbia polepole kuzunguka uwanja, mbele, nyuma na kwa ubavu. Pili, kunyoosha viungo huku mwili ukitembea: kuinua magoti, kuzungusha mabega na vifundo vya mikono, kuchuchumaa na kuinuka mara kumi. Tatu, simama hatua moja na nusu mbele ya kikapu, utupe kwa mkono mmoja tu, mkono wa pili ukiwa mgongoni. Kiwiko kikae chini ya mpira, mpira ulale juu ya vidole si kiganjani, na ukiisha kuuachia, mkono ubaki juu umeinama kama shingo ya korongo. Mipira mitano ikiingia bila kugusa ringi, rudi nyuma hatua moja, sasa ukitumia mkono wa pili kuushikilia mpira tu. Mitano mingine ikiingia, rudi tena. Hivyo hivyo mpaka mstari wa adhabu, tupa kumi hapo, halafu tupa huku ukitembea, halafu huku ukikimbia. Mstari wa pointi tatu ndio uwe wa mwisho. Mtu akifuata utaratibu huo, anafika mbali na mkono ule ule ulioanza karibu.

Na nguvu ya kufikisha mpira haitoki mkononi. Hutoka chini, katika miguu. Goti lisilokunjwa halisukumi kitu. Wazee walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi naona hata mtaka cha juu sharti ainame kwanza. Kama mtu aliyeweza kuigusa ringi bila kuruka alikubali kuanza upya, akajifunza kutupa kama mtoto mbele ya watu wanaomcheka, sisi tunaona haya gani kusimama hatua moja na nusu mbele ya kikapu?

Mwaka 1990 Manute alihamia timu ya Philadelphia 76ers. Huko alicheza pamoja na Charles Barkley, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa siku zile. Barkley akahamia Phoenix Suns mwaka 1992, na tarehe 3 Machi 1993 timu hizi mbili zikakutana mjini Phoenix. Wakati huo Manute hakuwa akichezeshwa sana, na timu yake ilikuwa ikishindwa. Katika kipindi cha pili akaanza kutupa kutoka mbali. Wa kwanza ukaingia, na mwingine, na mwingine tena, hata watazamaji wa Phoenix, ambao walikuwa watu wa timu pinzani, wakawa wanasimama kumshangilia. Alitupa mara 12, ikaingia 6, yaani pointi 18 kutoka mbali katika nusu ya mchezo. Timu yake haikushinda. Lakini hata leo watu wanaoipenda NBA wanasimulia habari za usiku ule, na ni wachache wanaokumbuka habari nyingine za mchezo huo.

Nisiwadanganye wasomaji kwamba Manute alikuwa mtupaji mkubwa. Maisha yake yote katika ligi ile alitupa kutoka mbali mara 205, ikaingia 43, yaani mmoja katika kila mitano. Ninalolisema ni kwamba usiku wa Phoenix ulimkuta akiwa tayari. Mtu asiyefanya mazoezi bahati humpita mlangoni, maana haimkuti nyumbani.

Baada ya hapo mwili ukaanza kuchoka. Alipita Miami, akarudi Washington na Philadelphia kwa siku chache, na mwishowe akarudi Golden State. Mwezi Novemba 1994 goti lake likaumia, na hapo maisha yake katika NBA yakakoma. Alikuwa amecheza michezo 624. Hesabu yake ya mwisho ni ya ajabu. Alizuia mitupo 2,086 na kupata pointi 1,599. Katika wote waliopata kuwa na jina katika ligi ile, ni yeye peke yake aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizopata. Alijaribu kucheza tena katika ligi ndogo za Marekani, halafu Italia, halafu Qatar, lakini miguu ilikataa.

Miaka yote hiyo nchi yake ilikuwa vitani. Vita vile vilianza mwaka 1983, mwaka ule ule alioingia Marekani, na vilikwisha mwaka 2005 kwa mkataba wa amani, watu wapatao milioni 2 wakiwa wamekwisha kufa kwa risasi, njaa na maradhi. Manute alipoteza jamaa wengi. Alikuwa na nyumba nzuri na mshahara mnono, angaliweza kufumba macho kama wafanyavyo wengi. Hakufumba. Alizitembelea kambi za wakimbizi, alisaidia chakula na dawa, aliwasaidia wapiganaji wa kusini, na nyumba yake ilikuwa mlango wazi kwa kila Msudani aliyefika na shida. Huhesabiwa kwamba alitoa dola zipatazo milioni 3.5. Fedha yote ikaisha.

Mwaka 1998 alirudi Khartoum akitumaini kusaidia amani. Alieleza baadaye kwamba aliahidiwa cheo serikalini, lakini kwa sharti la kubadili dini yake, naye akakataa. Kisha akanyimwa ruhusa ya kutoka, akishukiwa kuwa rafiki wa wapiganaji. Mtu ambaye zamani alijaza kumbi za Marekani sasa alikaa Khartoum bila fedha, akiugua baridi yabisi. Mwaka 2001 rafiki zake wa Marekani wakamsaidia kutoka. Akakaa Cairo miezi kadhaa, halafu akafika Marekani mara ya pili, safari hii kama mkimbizi.

Ili apate fedha za kuwasaidia watoto wa Sudan, alikubali kufanya mambo ambayo wengine waliyaona kuwa ya aibu. Mwaka 2002 alipigana ngumi katika televisheni na mchezaji mmoja wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, akashinda. Alivaa nguo za timu ya mpira wa magongo wa barafuni, naye hakujua kuteleza juu ya barafu. Alivaa hata nguo za wapanda farasi wa mashindano. Watu walicheka. Yeye alihesabu fedha, akazipeleka kwa watoto. Mimi nikiisoma habari hiyo hukumbuka jinsi walivyomcheka alipotupa mara ya kwanza kutoka mbali. Kicheko cha watu hakikuwa kizuizi kwake hata siku moja.

Mwaka 2004 alipata ajali mbaya ya teksi katika Connecticut, shingo ikavunjika, akakaribia kufa. Lakini mwaka 2006 alijiunga na matembezi ya miguu kutoka New York mpaka Washington, yaliyofanywa ili kuikumbusha dunia habari za watu wa Sudan. Baadaye alihamia Kansas, akashirikiana na chama cha Sudan Sunrise kujenga shule. Shule ya kwanza ilikuwa ya kwao, Turalei. Nia yake ilikuwa shule zisizobagua kabila wala dini, mtoto wa Mkristo na mtoto wa Mwislamu wakae dawati moja.

Mwaka 2010 alikuja Sudan ya Kusini kuangalia kazi ya shule ile. Wakati huo uchaguzi wa mwezi Aprili ulikuwa karibu, naye akaombwa akae zaidi ili awasihi watu kupiga kura kwa haki. Akakaa. Huko akaugua figo, na dawa alizopewa zikamletea maradhi makali ya ngozi yaliyomjaza vidonda hata kinywani, akashindwa kula. Alirudishwa Marekani akiwa hoi, akafa tarehe 19 Juni 2010 katika hospitali ya Charlottesville, Virginia, mwenye umri wa miaka 47. Ibada yake ilifanywa katika kanisa kuu la Washington, na mwili wake ukaletwa nyumbani kuzikwa Turalei. Tarehe 9 Julai 2011 bendera ya Sudan Kusini ikapandishwa hapa Juba. Alibakiza mwaka mmoja na siku chache tu kuiona.

Lakini mbegu aliyoipanda haikuoza. Miaka ya nyuma, alipofika Misri, aliwakuta watoto wa jamaa moja ya Kidinka iliyokimbia vita, akawafundisha kushika mpira wa kikapu. Mmoja wa watoto hao, Luol Deng, alikulia London, akacheza NBA miaka mingi, kisha akaja kuwa rais wa chama cha mpira wa kikapu cha nchi yetu. Chini ya uongozi wake timu yetu ilicheza Kombe la Dunia mwaka 2023, na mwaka 2024 ikafika michezo ya Olimpiki. Tarehe 28 Julai 2024, mjini Lille, Ufaransa, iliwashinda Puerto Rico kwa pointi 90 kwa 79. Siku nane kabla ya hapo, mjini London, Marekani yenyewe iliponea kwetu kwa pointi moja tu, 101 kwa 100. Na Bol Bol, mwana wa Manute, naye aliingia NBA. Anatupa kutoka mbali, na siku hizi hakuna anayemcheka mtu mrefu atupaye kutoka mbali. Siku hizi karibu kila timu inamtafuta mtu kama huyo.

Vijana wenzangu, katika uwanja wa Nimra Talata, na katika kila kiwanja cha udongo hapa mjini, kuna watoto warefu wanaodhani kwamba urefu utawatosha, na watoto wafupi wanaodhani kwamba wamenyimwa kila kitu. Manute Bol anawajibu wote wawili. Aliyepewa kingi kuliko watu wote alifanya kazi kama aliyenyimwa, na alipokipata alikigawa. Nasi tuliobaki tuanze na lililo karibu yetu. Kesho tukifika uwanjani tusikimbilie mstari wa mbali. Tuzunguke uwanja, tupashe viungo, tusimame hatua moja na nusu mbele ya kikapu, tukunje magoti, tuhesabu mitano.